MIAKA 108 YA KUNGOJA

Wasomaji wetu, methali husema, "Mvumilivu hula mbivu." Muhula huu na tuipime methali hii kwa habari za mji wa Chicago, Marekani, na timu yake iitwayo Cubs.

Cubs hucheza besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Ilipata ubingwa mwaka 1908, kisha ikaukosa miaka 108. Baba alimrithisha mwanawe mapenzi ya timu, mwana naye akamrithisha wake, na kila mwaka walirudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka 2016 Cubs ilipambana na timu ya Cleveland. Bingwa ni yule ashindaye michezo minne katika saba. Katika minne ya kwanza Cubs ilishindwa mitatu. Hata hivyo ikashinda miwili iliyofuata, wakawa sawasawa. Mchezo wa saba ulichezwa Cleveland usiku wa tarehe 2 Novemba. Baada ya zamu tisa hesabu ilikuwa 6 kwa 6. Mara mvua ikanyesha, mchezo ukasimama dakika 17. Wachezaji wa Cubs wakakusanyika chumbani, wakatiana moyo. Waliporudi uwanjani walishinda, 8 kwa 7.

Furaha ikafurika Chicago. Tarehe 4 Novemba mto upitao mjini ulitiwa rangi ya buluu, rangi ya timu, na wakubwa wa mji walikadiria kuwa watu milioni tano walitoka kuwashangilia mashujaa wao.

Lakini liko jambo dogo lipasalo kukumbukwa zaidi. Kwenye kuta za matofali za kiwanja cha Cubs, Wrigley Field, watu waliandika majina kwa chaki: ya baba, ya bibi, ya ndugu waliokwisha kufa. Hao nao walivumilia, na mbivu hawakuila. Je, methali ni ya uongo? La. Saburi si ya mtu mmoja. Huyu huvumilia, yule akala. Naye alaye hana budi kumkumbuka aliyemtangulia.

Wala tusiwasahau watu wa Cleveland. Ubingwa wao wa mwisho ulikuwa wa mwaka 1948, na usiku ule ule walianza kungoja tena.

MASWALI
1. Kwa nini watu waliandika majina ya marehemu siku ya furaha?
2. Aliyeshinda amtendeeje aliyeshindwa?
3. Muulize mzazi wako: ni jambo gani alilolingoja yeye, ukalipata wewe?