Gloriosa Ndani ya Nyumba: Kiazi Kinachotaka Kulala

Wasomaji wetu wengi wa pwani wanalijua ua la gloriosa, hata kama hawalijui kwa jina hili. Huota vichakani wakati wa mvua, likapanda juu ya miti midogo kwa ncha za majani yake, ambazo hujisokota kama kamba. Petali zake ni sita, nyekundu zenye kingo za manjano, zimepinda kwenda juu kama ndimi za moto. Zimbabwe imelifanya kuwa ua la taifa. Huko Uholanzi hupandwa katika nyumba za vioo, maana halivumilii baridi.

Mkulima wa Limuru, Molo au Kinangop, ambako usiku jalidi huanguka, naye hana budi kulifunika. Lakini si lazima ajenge nyumba ya vioo. Chumba chenye dirisha kubwa, au baraza iliyozibwa kwa vioo, chatosha.

Kwanza, kiazi chenyewe. Ni kirefu kama kidole, na mara nyingi viwili hushikana kama herufi V. Kila mkono una jicho moja tu, nalo liko nchani. Likivunjika, mkono huo hauoti tena. Si kama kiazi cha kawaida chenye macho kila upande. Ukinunua, tazama ncha kabla ya kutoa fedha, kisha ukichukue kama uchukuavyo yai.

Twaa chungu au kopo la upana wa inchi nane, lenye matundu chini. Changanya udongo mzuri sehemu mbili, mboji sehemu moja na mchanga wa mtoni sehemu moja. Kiazi ukilaze ubavu, ukifukie inchi mbili au tatu. Mti wa kupandia, wa futi tano hivi, uchomeke siku ile ile, kwani ukingoja waweza kukitoboa kiazi. Joto la mchana liwe digrii 20 au zaidi, na usiku lisipungue 15. Wengine hupenda kuweka chungu jikoni kwa ajili ya joto. Mimi sipapendi, kwa sababu nitakayoeleza.

Mwanzoni tia maji kidogo sana. Mmea ukisha kutokeza, ongeza, na kila wiki mbili uupe mbolea nyepesi ya maji. Maua hutoka baada ya miezi miwili au mitatu.

Sasa tumefika penye shida. Maua yakiisha, majani huwa ya manjano. Mwenye ua huona mmea unaugua, naye huzidisha maji. Wengi wajao ofisini kuuliza habari za gloriosa huleta kiazi kilichooza, kimefungwa ndani ya gazeti, na ukiwauliza watakuambia walikinywesha kila siku. Hayo maji ndiyo yaliyokiua. Kumbukeni jinsi kinavyoishi kichakani: mvua zikikoma majani hukauka, na kiazi hulala katika udongo mkavu hadi mvua nyingine. Basi majani yakianza kugeuka, punguza maji. Yakikauka, acha kabisa. Chungu kikae mahali pakavu pasipofikiwa na jalidi, kwa miezi miwili au mitatu.

Ukikichimbua wakati huo utakuta kiazi ulichopanda kimesinyaa, kimebaki ganda tupu. Usisikitike. Kila mwaka cha zamani huisha kwa kulisha mmea, na kipya hushika mahali pake. Hicho kipya kihifadhi katika mchanga mkavu mpaka jicho lianze kuvimba, ndipo upande tena. Mbegu nazo zaota, ila utangoja kama miaka mitatu kuona ua.

Limebaki neno zito. Mmea wote una sumu iitwayo kolkisini, na kiazi kina sumu nyingi. Madaktari huitumia kwa kipimo kidogo mno kutibu jongo, na huko Tamil Nadu, India, wakulima hupanda gloriosa ili wauze mbegu kwa watengenezaji wa dawa. Lakini huko Sri Lanka watu wamekufa kwa kula kiazi hiki wakidhani ni kiazi kitamu au kiazi kikuu. Kukipika hakukifanyi chakula. Aliyekila huungua kooni, kisha baada ya saa chache hutapika na kuhara sana. Mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na kipande cha kiazi, wala msingoje kuona kama atapata nafuu, kwa maana nafuu hiyo huweza kuja na ugonjwa ukarudi kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo viazi hivi visikae jikoni, wala ghalani, wala katika kikapu kimoja na viazi vya kula. Vitie katika kopo lenye kifuniko, uandike SUMU, uliweke juu wasikofika watoto. Ukivishika, vaa glavu au unawe mikono kwa sabuni. Mabua makavu yafukie shimoni. Usiyatupe penye mbuzi au ng'ombe.