Alama Moja, Kazi Mbili

Leo nataka tuamue ubishi ambao hauishi hapa kidato cha tatu. Mwalimu wa hisabati akiona x = x + 1 ataikata kwa kalamu nyekundu. Yule wa tarakilishi ataitilia vyema. Je, nani mkosa? Hakuna!

Tuanze na hisabati. Alama ya = ilibuniwa na Robert Recorde, mtaalamu kutoka Wales, katika kitabu chake cha mwaka wa 1557. Alichora mistari miwili sambamba yenye urefu sawa, kwani aliona hakuna vitu vinavyolingana kuliko hivyo. Basi katika hisabati = ni kauli: cha kushoto ndicho cha kulia. Na kauli huwa kweli ama uongo. 3 + 4 peke yake si kauli, ina thamani tu, yaani 7. Huwezi kumwambia mtu "Uongo!" kwa kukutajia 3 + 4. Lakini akisema 3 + 4 = 8, hapo una haki ya kubisha.

Sasa ondoa x pande zote mbili za x = x + 1. Unabaki na 0 = 1. Uongo mtupu!

Haya, tuingie kwenye programu. Mfikirie utingo wa matatu ya abiria 14. Kila anayepanda, yeye huongeza mmoja kichwani. Katika lugha ya Python tunaandika abiria = abiria + 1. Hii si kauli, ni amri: chukua thamani ya zamani, ongeza 1, weka jibu pale pale. Kama ilikuwa 9, sasa ni 10. Ukitaka kuuliza kama gari limejaa, andika abiria == 14, nayo mashine itajibu kweli au uongo. Katika lugha ya C, ukisahau = moja ndani ya swali hilo, mashine itaweka 14 yenyewe na kuliona gari limejaa, hata kama ndani mna bibi mmoja na kuku wake! Niklaus Wirth, aliyetoa lugha ya Pascal mwaka wa 1970, alitenganisha mambo haya: := ni amri, = ni kulinganisha.

Mbona nawachosha na haya yote? Kwa sababu mtihani uko mlangoni, na wengi wetu huandika hisabati kama amri. Kwa mfano, bei ya madaftari 3 ya shilingi 40 na kalamu ya shilingi 20:

3 × 40 = 120 + 20 = 140

Jibu ni sahihi lakini kauli ni uongo, maana 3 × 40 si 140. Andika mistari miwili:

3 × 40 = 120
120 + 20 = 140

Wino kidogo tu, na mtahini hapati pa kukushikia. Kabla ya kuandika =, jiulize: nasema, au naamuru? Mwenye macho haambiwi tazama.