Santuri ya Pande Mbili: Wanda Jackson na Rokabili

Wengi wetu tukisikia neno rokabili, picha inayokuja ni Elvis Presley na nywele zake za mafuta. Basi. Leo naomba tumtazame binti mmoja aliyesimama jukwaa moja na huyo Elvis akiwa ndiyo kwanza amemaliza sekondari, kwa sababu safari yake inafundisha jinsi soko la muziki linavyoamua nani asikike.

Kwanza tuelewane kuhusu rokabili. Ni muziki wa kusini mwa Marekani wa katikati ya miaka ya 1950: kantri ya Wazungu wa vijijini ikakutana na ridhimu na bluzi ya Wamarekani Weusi. Gitaa kali, besi kubwa inayochapwa kwa kiganja, mdundo wa haraka, na sauti inayokatikakatika kama mtu ana kwikwi.

Wanda Jackson alizaliwa mwaka 1937 katika mji mdogo wa Maud, Oklahoma. Baba yake, aliyekuwa mpiga muziki, alihamishia familia California kutafuta kazi, akamnunulia mtoto gitaa na kumfundisha kulipiga. Waliporudi Oklahoma, Wanda akiwa bado shuleni alishinda shindano la redio na kupewa kipindi chake. Mwanamuziki Hank Thompson akamsikia, akamwita aimbe na bendi yake. Mwaka 1954 wimbo alioimba na Billy Gray ukaingia kumi bora za kantri. Fikiria, msichana wa miaka 16!

Lakini kampuni ya Capitol ilipoombwa imchukue, jibu lilikuwa kwamba wasichana hawauzi santuri. Hata Grand Ole Opry, jukwaa kubwa kuliko yote ya kantri, walimpokea kwa masharti. Mwenyewe anasimulia kwamba alifika na gauni la kuacha mabega wazi, alilomshonea mama yake, na Ernest Tubb akamwambia hapandi jukwaani hivyo. Akavaa jaketi juu, akaimba, akaondoka na hasira zake. Watu hudhani mambo ya mavazi ni pembeni ya muziki. Mimi naona hapo ndipo kiini kilipo: sauti yake waliitaka, mwili wake ndio uliowatisha.

Mwaka huohuo, 1955, alizunguka kwenye maonyesho pamoja na Elvis, baba yake akiwa dereva, meneja na mlinzi kwa pamoja. Elvis ndiye aliyemsukuma aache kuimba kantri tupu ajaribu huu muziki mpya. Wanda alisita, eti yeye ni mwimbaji wa kantri. Hatimaye alikubali, na mwaka 1956 Capitol walewale wakamsajili.

Sasa tufike kwenye santuri yenyewe. Santuri ndogo ya enzi hizo ilibeba wimbo mmoja kila upande. Wanda na watu wake wakaitumia kiujanja: upande mmoja kantri, upande wa pili rokabili. Mtangazaji asiyependa kelele ageuze. Ujanja mzuri, ila una gharama yake: kila mtangazaji alikuwa na sababu ya kukimbilia upande ule salama, na wa pili ukabaki kimya.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Fujiyama Mama, ambao kabla yake uliimbwa na Annisteen Allen, mwanamke Mweusi. Nyumbani haukufika popote. Japani ukawa namba moja, na mwaka 1959 Wanda akaenda kuzunguka huko. Kuna jambo linalonisumbua: wimbo huo unalinganisha hasira ya mwanamke na mabomu ya Hiroshima na Nagasaki! Vijana wa Japani waliucheza hata hivyo. Sina maelezo rahisi, na mtu akinipa jibu la sentensi moja nitamtilia shaka.

Mafanikio nyumbani yalikuja kwa bahati. Let's Have a Party aliurekodi mwaka 1958 ukafukiwa ndani ya albamu. Mtangazaji mmoja wa Iowa akaanza kuupiga kwenye kipindi chake, simu zikamiminika, Capitol wakautoa peke yake mwaka 1960 ukaingia arobaini bora. Sikilizeni piano katika rekodi zake za wakati huo: ni Big Al Downing, kijana Mweusi katika bendi ya Wazungu, wakati kumbi nyingi zilikuwa bado za kibaguzi.

Baada ya hapo akarudi kantri, Right or Wrong aliyoitunga mwenyewe ikafanya vizuri mwaka 1961, kisha miaka ya 1970 akaingia nyimbo za dini. Rokabili ilimfuata tena kutoka Ulaya, mashabiki wa Skandinavia walipomwita miaka ya 1980. Rock and Roll Hall of Fame walimwingiza mwaka 2009, akiwa na miaka 71. Elvis aliingizwa mwaka 1986, kundi la kwanza kabisa.

Ukitaka kuanza, usianze na albamu za mkusanyiko. Tafuta I Gotta Know ya 1956. Ndani ya wimbo huo mmoja anaruka kutoka kantri ya polepole hadi rokabili na kurudi, zaidi ya mara moja, na utasikia mwenyewe ni sehemu gani anaifurahia zaidi.