Fedha ya Mkopo na Fedha ya Hisa

Mkopo wengi wetu tunaujua. Unakopa, unarudisha, unaongeza na riba. Mvua ikikataa kunyesha, deni lako liko pale pale. Lakini iko fedha ya namna nyingine, ambayo hudaiwi kila mwezi. Anayeitoa anakuwa mbia wako, naye anachukua hisa, yaani sehemu ya biashara yenyewe. Leo tusome habari za fedha hiyo, maana tumeona watu wakiipokea kama zawadi.

Twende kwanza mbali, Marekani. Mwaka 1946 ilianzishwa huko kampuni iliyoitwa American Research and Development. Aliyeiongoza kwa miaka mingi ni Georges Doriot, mzaliwa wa Ufaransa, ambaye pia alikuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Harvard. Kazi yao ilikuwa kutia mtaji katika biashara changa, zile ambazo benki inaziogopa kwa sababu hazina dhamana.

Mwaka 1957 wahandisi wawili, Ken Olsen na Harlan Anderson, walikwenda kuomba mtaji. Ujuzi walikuwa nao, fedha hawana. Walitaka kutengeneza kompyuta. Basi wakashauriwa wasilitaje neno kompyuta katika maombi yao, kwa kuwa wenye fedha walikuwa wameona makampuni makubwa yakipata hasara katika kazi hiyo. Tusielewe vibaya, hilo halikuwa fundisho la kudanganya. Walianza kweli na vifaa vidogo vya umeme vya kutumiwa katika maabara, vitu ambavyo wanunuzi walikuwa wanavihitaji wakati ule ule. Walipanga nafasi katika kiwanda kikuukuu cha sufu, wakauza, na mwaka wa kwanza tu wakapata faida. Kompyuta walianza kuziuza mwaka 1960. Kampuni yao iliitwa Digital Equipment.

Sasa tutazame bei. Walipewa dola 70,000, nao wakatoa hisa 70 katika kila hisa 100. Baadaye hisa hizo za mbia zilikadiriwa kufikia zaidi ya dola milioni 350. Yaani kila dola 1 ilikuwa dola 5,000!

Je, walipunjwa? Darasani swali hili huleta ubishi mkubwa. Sisi tunaona hivi: biashara ingekufa, wahandisi wale wasingedaiwa dola 70,000 zile. Hasara ingekuwa ya mbia. Mtu wa namna hiyo anatia fedha katika biashara nyingi akijua nyingine zitakufa, na anangoja moja imlipie zote. Ndiyo maana anataka sehemu kubwa, tena anataka biashara inayoweza kukua mara mia. Mashine ya kusaga ya kijiji kimoja haiwezi kumpa hayo, hata iwe nzuri namna gani. Kwa kazi kama hiyo, akiba ya kikundi na mkopo wa chama cha kuweka na kukopa vinafaa zaidi.

Lakini hisa si faida tu. Hisa ni kura. Kikundi kimoja cha akina mama tuliowafundisha walitaka mashine ya kukamua mafuta ya alizeti. Mfanyabiashara mmoja akatoa fedha, akachukua hisa 60 katika 100. Mkataba haukusomwa kwa sauti. Wakaweka dole gumba, na hali wote walikuwa wanaweza kuandika majina yao! Baada ya misimu miwili yule bwana aliamua mashine ihamie mjini. Akina mama walipiga kelele, wakaenda mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Mkataba ukasomwa, kwa mara ya kwanza. Haki ilikuwa yake, maana kura 60 zinashinda 40. Mashine ikapakiwa kwenye gari, wao wakabaki na kibanda na hisa zao 40. Na sisi tuna lawama yetu hapo. Tuliwafundisha kuandika barua, hatukuwafundisha kusoma mkataba.

Kwa hiyo kabla ya kupokea, ulizeni. Hisa ni ngapi, na ngapi zinatoka? Nani anaamua kuuza au kuhamisha mali? Mkitaka kuzinunua tena hisa zake, bei itapangwaje? Majibu yaandikwe mle mle katika mkataba. Neno la mdomo, hata likiwa la mtu mwema, haliwezi kusomwa tena mwaka kesho.

Hesabu ya kufanya pamoja darasani: Kikundi kina hisa 100. Mbia anatoa shilingi 3,000,000 na kuchukua hisa 60. Kila hisa aliinunua kwa shilingi ngapi? Halafu anakuja mbia wa pili, zinaongezwa hisa mpya 100, zote anachukua yeye. Hisa 40 za wanakikundi sasa ni ngapi katika kila 100? Na je, ni nani aliyepiga kura ya kumkaribisha huyo wa pili?