Mizani ya Umeme katika Gridi

Mwanafunzi wa Dodoma awashapo taa jioni, jenereta za Kidatu, zenye uwezo wa megawati 204, huongezewa mzigo papo hapo. Nyaya hazihifadhi umeme. Kwa hiyo unaozalishwa sharti ulingane na unaotumika, nukta kwa nukta. Kulinda mizani hiyo ndiyo kazi ya msimamizi wa gridi.

Kipimo chake ni marudio, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Nchini Tanzania ni hezi 50. Jenereta yenye jozi 2 za ncha za sumaku huzunguka mara 1,500 kwa dakika: 2 × 1,500 ÷ 60 = 50. Matumizi yakizidi, mwendo hupungua. Ukifika 1,470, marudio huwa 49.

Hapo vidhibiti huongeza maji yanayozungusha mitambo. Yasipotosha, msimamizi hukata umeme wa maeneo machache. Akisita, jenereta moja yaweza kujitenga, zilizobaki zikaelemewa, na nchi nzima ikaingia gizani. Lawama za wachache ni nafuu kuliko giza la wote.

Zoezi: Jenereta yenye jozi 3 izunguke mara ngapi kwa dakika ili itoe hezi 50?