Shukrani Ifike kwa Mkono Uliotoa

Somo la kujifunza pamoja katika vikundi vya sala

Masomo: Wafilipi 4:10-20, Matendo 14:26-28, 3 Yohana 5-8



Mara nyingi tunafundishwa juu ya kutoa. Leo tunataka kujifunza juu ya jambo linalofuata kutoa, ambalo wengi wetu tunalisahau: namna mjumbe wa Injili anavyopashwa kuwashukuru wale waliomtuma, na namna anavyopashwa kubaki katika ushirika nao. Somo hili ni la wainjilisti na wamisionere wetu. Lakini ni letu pia sisi mashemasi, na tutaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Kosa letu

Mwaka 2019 sisi wa Katindo tulimtuma mwinjilisti mmoja pamoja na mke wake kwenda upande wa Walikale, ndani ya pori. Watu wa parokia waliahidi kuwasaidia, kila mtu kwa uwezo wake. Kati yao alikuwa mama mmoja mjane, aliyeuza makala kando ya barabara. Kila mwisho wa mwezi alileta franga 1.000, zimefungwa katika kitambaa. Hakukosa hata mara moja.

Ilipopita miezi mitano alituuliza: "Baba Shemasi, yule mtoto wetu alifika?" Tulimjibu kwamba njia ni mbaya, habari ni shida, tungoje. Akasema, "Sawa, baba," akaenda. Mwezi uliofuata alileta tena franga zake.

Kumbe barua ilikuwa imefika. Dereva wa kamio aliileta, kurasa mbili, imeandikiwa komite. Tulisoma mistari ya hesabu, tukaandika hesabu katika daftari, kisha tukaifunga barua ndani ya kabati ya biro. Hatukuisoma mbele ya kanisa.

Yule mama aliugua, akaitwa na Bwana. Baada ya matanga, tulipokuwa tunapanga makaratasi, tukaikuta ile barua. Katika ukurasa wa pili mwinjilisti aliandika jina la mama yule. Alieleza kwamba franga zake zilinunua sabuni na chumvi kwa mwanamke aliyezaa usiku bila msaada, na kwamba mwanamke huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua nyumba yake kwa maombi katika kijiji kile.

Tuliipeleka barua kwa watoto wake, tukawasomea. Mtoto wake mkubwa alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Kumbe mama alikuwa anajulikana kule." Hatukuwa na neno la kumjibu.

Ndugu wapenzi, mwinjilisti alishukuru, lakini shukrani yake ilikufa mikononi mwetu. Hivi tulijifunza kwamba shukrani ambayo haikufika kwa mkono uliotoa ni deni ambalo halijalipwa.

Paulo na Wafilipi

Tukisoma barua kwa Wafilipi tunaona kwamba sehemu yake kubwa ni barua ya shukrani. Paulo yuko kifungoni. Kanisa la Filipi lilikusanya msaada, likamtuma Epafrodito kuupeleka. Tuangalie mambo manne ambayo Paulo anafanya.

La kwanza, anasema wazi kwamba amepokea. Katika 4:18 anataja kitu kilichofika na mtu aliyekileta. Neno la Kigiriki alilotumia hapo ndilo wafanyabiashara wa siku zile waliloandika juu ya risiti. Basi mtume mkubwa hakuona haya kutoa risiti.

La pili, anakumbuka msaada wa zamani. Katika 4:15-16 anasema kwamba alipotoka Makedonia ni wao peke yao walioshirikiana naye, na kwamba hata alipokuwa Tesalonika walimtumia msaada zaidi ya mara moja.

La tatu, anatoa habari za kweli. Hafichi kifungo chake, lakini anaonyesha namna Injili inavyoendelea hata hapo (1:12-14). Anaeleza pia kwamba Epafrodito aliugua karibu kufa, kwa sababu watu wa Filipi walikuwa wamesikia na walikuwa na wasiwasi (2:25-30).

La nne, shukrani yake haina ndoano. Katika 4:17 anaeleza kwamba yeye hatafuti zawadi, bali anatafuta faida inayoongezeka kwa ajili yao. Ni kama kusema: mliponipa, ninyi ndio mliopata. Mtu anayeshukuru ili apewe tena bado anaomba, hajashukuru.

Apolo wa Boga

Mfano wa pili si wa mbali. Unatoka hapa mashariki ya nchi yetu, katika Ituri.

Apolo Kivebulaya alikuwa Muganda. Alibatizwa mwaka 1895, na mwisho wa mwaka 1896 alivuka milima ya Ruwenzori kutoka Toro, akafika Boga kama mwalimu wa Injili. Hakuwa mzungu, wala hakutumwa kutoka Ulaya. Alikuwa mmoja wa waalimu wengi Waafrika ambao Kanisa la Uganda lilituma kwa watu wa jirani. Huko Boga alipata mateso: alipigwa, na mwaka 1898 alifungwa na kupelekwa Toro kwa sababu ya kifo cha dada ya mkubwa wa Boga, kilichotokana na ajali ya mkuki. Baadaye alirudi Boga. Tangu mwaka 1921 alianza kuwatafuta Wambuti ndani ya pori, na aliwahubiri mpaka alipofariki tarehe 30 Mei 1933. Inasimuliwa kwamba aliomba azikwe kichwa kikielekea pori, upande ambako kazi ilikuwa bado inaendelea.

Namna gani watu wa mbali walijua kazi ile? Kwa sababu Apolo aliandika. Aliandika kwa Luganda habari za siku zake. Rafiki yake A. B. Lloyd, mmisionere Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Toro, aliandika vitabu juu yake. Cha kwanza kilitoka mwaka 1923. Hivyo wakristo ambao hawajaona hata mti mmoja wa pori la Ituri waliweza kuwaombea Wambuti. Na leo Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake kutoka kazi ya mtu huyu.

Tujiulize: kama Apolo angenyamaza, nani angejua? Mjumbe asiyeandika anawanyima waliomtuma furaha yao, tena anawanyima sababu ya kuomba.

Namna za kushukuru na kubaki pamoja

Basi, kwa wainjilisti wetu na kwa wote wanaotumwa, tunashauri mambo haya.

1. Sema upesi kwamba umepokea. Usingoje upate nafasi ya kuandika barua ndefu. Siku msaada unapofika, tuma neno fupi: kiasi gani, siku gani, kwa njia gani. Mwaka 2025, mabenki yalipofungwa hapa Goma, watu wengi walitumiana franga kwa simu. Anayetuma kwa simu anabaki na hofu mpaka asikie neno. Tena ukipokea pungufu ya kile ulichoambiwa, sema hivyo kwa upole bila kumshtaki mtu, ili wanaohusika watafute ukweli.

2. Taja jina na kitu. Kusema "tunawashukuru wote" ni rahisi, lakini hakumfikii mtu. Yule aliyetoa gigozi moja ya maharagi atajwe pamoja na maharagi yake. Yule asiyekuwa na kitu ila alifunga na kuomba, atajwe pia, kwa maana maombi yake nayo ni matoleo.

3. Tumia njia ambayo mtoaji anaiweza. Si wote wanajua kusoma. Kwa mama mzee, sauti yako katika simu kwa lugha yake ni bora kuliko barua nzuri ya Kifaransa. Kama hana simu, mtumie neno kwa mtoto wake au jirani. Na pale ambapo mtandao haufiki, barua ya mkononi bado inafika, hata kama inachelewa.

4. Sema ukweli. Usiongeze hesabu ya waliobatizwa ili watu wafurahi. Kama mwezi huu hakuna aliyeokoka, andika hivyo. Kama mtoto aliugua malaria, andika. Watu wanaojua shida zako wataomba vizuri zaidi, na siku utakapotoa habari za furaha watakuamini.

5. Tenga shukrani na ombi. Kama una lazima ya kuomba kitu, andika barua nyingine siku nyingine. Watu wakizoea kwamba kila salamu yako inaishia kwa franga, wataogopa hata kufungua ujumbe wako.

6. Uliza habari zao. Waliokutuma nao wana magonjwa, matanga, watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa minervali. Paulo aliwaombea Wafilipi kila mara (1:3-4). Uwe na daftari ya majina, uwaombee mmoja mmoja, kisha uwaambie kwamba umewaombea. Andika majina katika daftari mbili, moja ibaki kwa mtu mwingine. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo uliposhuka mjini, wengi walipoteza makaratasi yote kwa siku moja.

7. Uwe na busara. Katika nchi ya vita, si kila habari inafaa kuandikwa. Usitaje mahali ambapo watu wamejificha, wala usiandike juu ya mambo ya askari. Usipige picha ya mgonjwa au ya mtoto mwenye njaa bila ruhusa ili watu wahurumie. Huyo ni mtu wa Mungu, wala si chombo cha kutafutia msaada.

8. Rudi utoe ushuhuda. Paulo na Barnaba walirudi Antiokia, wakakusanya kanisa na kueleza yote ambayo Mungu alifanya pamoja nao (Matendo 14:27). Ukipata nafasi ya kuja, usipite kimya. Na kama unaweza, leta kitu kidogo kutoka kule: chupa ya asali, mbegu, wimbo mpya ambao waumini wa kule wamekufundisha. Hapo wanaotoa watajua kwamba nao wana ndugu kule.

Mfano wa barua fupi

Wengine wanasema hawajui kuandika. Tazameni, barua inaweza kuwa hivi tu:

"Mama mpendwa, nakusalimu katika jina la Yesu. Franga 5.000 ulizotuma nilizipokea siku ya posho, kwa mkono wa dereva. Nilinunua dawa ya mtoto wetu, na zilizobaki zilinunua mafuta ya taa ya mkutano wa jioni. Mtoto amepona. Katika mkutano tulikuwa watu saba, na mvua ilikuwa nyingi. Nilisikia kwamba mguu wako unauma, tulikuombea. Sisi wote tunasema asante. Mtoto wako katika Bwana."

Barua hii ina risiti, ina ukweli, ina maombi, na haiombi kitu.

Mapashwa ya mashemasi

Mwisho tunarudi kwetu sisi. Mjumbe anaweza kuandika vizuri, na sisi tukaharibu. Kwa hiyo mashemasi wa Katindo tulikata shauri mambo matatu. Kila barua inayofika isomwe mbele ya kanisa siku ya Mungu inayofuata, isipokuwa ina siri. Kama mtu ametajwa ndani yake naye ni mgonjwa au mzee, shemasi mmoja aende nyumbani kwake kumsomea. Na barua isilale bila jibu, hata kama hatuna franga za kutuma, kwa maana mjumbe naye anangoja kujua kama bado tunamkumbuka.

Tena juu ya hesabu, tufuate Paulo. Msaada wa makanisa ulipopelekwa, hakuenda mtu mmoja peke yake. Ndugu aliyechaguliwa na makanisa alifuatana na Tito, ili asiwepo wa kulaumiwa (2 Wakorintho 8:18-21). Katika 3 Yohana tunasoma pia kwamba ndugu waliosafiri walishuhudia upendo wa Gayo mbele ya kanisa. Gayo alitoa, wasafiri wakashuhudia, kanisa likasikia. Mmoja wa hao watatu akikosekana, ushirika unakatika.

Mama wa makala hakusikia shukrani yake hapa duniani. Tunaamini kwamba Bwana amekwisha kumwambia. Lakini hiyo haituondolei deni letu. Wako wengine wanaoleta franga zao katika kitambaa kila mwezi, wanatuuliza kwa upole kama mtoto wetu alifika. Tuwajibu wakiwa wangali hai.

Maulizo ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni nani alikusaidia mwaka huu, na bado hujamwambia kwamba msaada wake ulifika?

2. Katika Wafilipi 4:17, Paulo anatafuta nini kwa ajili ya waliotoa?

3. Kati ya wakumi waliotakaswa (Luka 17:11-19), ni mmoja tu aliyerudi. Unafikiri wale tisa walizuiwa na nini?

4. Je, kuna barua au ujumbe wa mjumbe wetu unaolala nyumbani kwako? Uulete siku ya Mungu.

Bwana abariki mikono inayotoa, miguu inayokwenda, na vinywa vinavyoshukuru. Amina.

Mashemasi wa Katindo