Vitufe vya Saiba: Kufungua iTax na eCitizen Bila Kushika Mausi

Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi Kenya, na foleni za saiba za Kitale na Bungoma hazisahau. Mteja anaketi, mhudumu anatafuta kivinjari, anaandika anwani, anakosea herufi, anarudia. Kazi ile ile kutwa nzima. Vitufe vitatu vikibonyezwa pamoja vinaweza kufungua iTax, tovuti ya mamlaka ya kodi (KRA), papo hapo, na huhitaji kununua programu yoyote. Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11, na mwishoni kuna machache ya Linux. Majina ya menyu nimeyaacha kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo yanavyoonekana kwenye skrini.

Hatua ya 1: Jua wateja wanataka nini

Kabla ya kugusa mashine, weka daftari kando ya printa na uandike kila huduma inayoombwa. Saiba iliyo karibu na Chuo Kikuu cha Kibabii haitakuwa na orodha sawa na ile ya katikati ya Kitale: huku mikopo ya wanafunzi ya HELB na kuchapa tasnifu, kule KRA na cheti cha maadili mema cha eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Matokeo ya mtihani wa sekondari, KCSE, yakitoka, KUCCPS, inayogawa nafasi za vyuo, hupanda juu kila mahali. Chagua huduma nne au tano zinazoongoza, basi. Njia za mkato ishirini hazimsaidii mtu. Mhudumu atazisahau na kurudi kwenye mausi.

Hatua ya 2: Gawa herufi

Windows huweka Ctrl na Alt yenyewe. Wewe unachagua kitufe cha tatu. K kwa KRA, H kwa HELB, C kwa eCitizen. Hapa ndipo wengi huharakisha, kumbe pana mitego. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa kwetu kama ex-UK zina kibodi ya Uingereza, na kwa mpangilio huo Ctrl+Alt+E ni njia ya kuandika é. Irabu zote tano ziache. Ziache pia nambari: ndani ya Word, Ctrl+Alt+1 hadi 3 huweka mitindo ya vichwa, na mwanafunzi anayepanga sura za tasnifu yake hatafurahi iTax ikimfungukia. T nayo, kwenye Ubuntu na Linux Mint, hufungua dirisha la kuandikia amri. Walimu wanaofuata mambo ya tume yao, TSC, wape W.

Mwenye saiba moja Kitale na nyingine Bungoma atumie herufi zile zile pande zote mbili. Mhudumu akishuka matatu Kanduyi asubuhi kumshikia mwenzake zamu, vidole vyake visianze masomo upya.

Hatua ya 3: Tengeneza njia

Wengi huunda ikoni ya kawaida ya tovuti. Hufanya kazi, lakini kwa mashine ya umma naikataa, kwa sababu mteja akisahau kutoka kwenye akaunti yake, anayemfuata anaikuta wazi. Tumia dirisha la faragha la Chrome, hivi:

1. Nakili ikoni ya Chrome iliyo kwenye Desktop, kisha uibandike hapo hapo. Ipe nakala jina, mathalani "KRA".
2. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, nenda kwenye kichupo cha Shortcut.
3. Katika kisanduku cha Target, nenda mwisho kabisa, baada ya alama ya kufunga nukuu kama ipo. Acha nafasi moja, andika --incognito, acha nafasi nyingine, andika https://itax.kra.go.ke
4. Bonyeza ndani ya kisanduku cha Shortcut key, gusa K pekee. Patajiandika Ctrl + Alt + K. Bonyeza OK.

Kwa Edge, badala ya --incognito andika --inprivate. Anwani iandike kwa mkono na uikague. Tovuti nyingi za serikali yetu huishia na .go.ke, na njia ya mkato yenye herufi moja iliyokosewa itawapeleka wateja wote pabaya, tena kwa kasi.

Ikoni ibaki kwenye Desktop au kwenye menyu ya Start. Ukiisukuma ndani ya folda nyingine ili kupunguza msongamano, vitufe vinakufa.

Faragha hiyo ina mpaka. Madirisha ya faragha yaliyo wazi kwa wakati mmoja hushiriki kumbukumbu, kwa hiyo mteja akiondoka funga yote, si lile la mbele tu. Cheti cha PIN ya KRA alichopakua nacho hakijifuti chenyewe: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na E, ingia Downloads, kiteue, kisha Shift+Delete. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na nakala ya kitambulisho cha mtu haifai kulala kwenye mashine ya saiba.

Hatua ya 4: Programu za kila siku

Kwa Word, Excel na skana hakuna haja ya herufi. Zibandike kwenye upau wa chini kwa Pin to taskbar. Ya kwanza kutoka kushoto hufunguka kwa kitufe cha Windows pamoja na 1, ya pili kwa 2, hadi 9.

Kwa mashine za Linux

Huduma ya kawaida ya Microsoft kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta kuukuu zisizoweza kupokea Windows 11 zinaweza kuendelea na kazi kwa Linux Mint. Humo fungua Keyboard, kisha Shortcuts, kisha Custom Shortcuts. Ongeza njia mpya, na mahali pa amri andika firefox --private-window ikifuatwa na anwani. Kisha gusa vitufe vyote vitatu mwenyewe. Linux haikuwekei Ctrl na Alt.

Kujaribu na kubadilisha

Zima mashine, iwashe, ujaribu kila herufi. Saiba nyingine zina programu inayorudisha kompyuta ilivyokuwa kila inapowashwa. Kama saiba yako inayo, isimamishe kwanza programu hiyo, weka njia zako, kisha uirejeshe. Msimu wa KUCCPS ukiisha na ukitaka herufi yake kwa kazi nyingine, rudi kwenye Shortcut key, gusa Backspace hadi uone None, ubonyeze OK.